Hatua Moja Kabla ya Ukuta

Afande hakuwahi kumwita mtu kwa jina. Kambini kwetu, kwenye kilima cha Naguru, kila mtoto alijulikana kwake kwa kazi ya baba yake: kulikuwa na Mtoto ya Mpishi, Mtoto ya Tarumbeta, Mtoto ya Stoo, na mimi nilikuwa Mtoto ya Dreva, kwa kuwa baba aliendesha lori la polisi. Miaka ikapita, baba akastaafu, tukahama kambini, nikaolewa, nikazaa, mvi za kwanza zikatokea. Siku moja niko sokoni Bukoto na mfuko wa nyanya mkononi, nikasikia sauti nyuma yangu ikisema, "Mtoto ya Dreva. Mgongo." Nikanyoosha mgongo kabla hata sijageuka kuona ni nani. Mama muuza nyanya alicheka hadi akakaa chini.

Kwa hiyo nami sitalitaja jina lake. Nadhani angeona ni utovu wa nidhamu.

Kazi yake ilikuwa kufundisha gwaride. Kwa miaka thelathini hivi aliwapokea vijana waliotoka kila pembe ya nchi, wengi wao wa kaskazini kama yeye, wasiokuwa na lugha moja ya kusalimiana, akawapa Kiswahili cha kambi na akawafundisha kutembea. Tuliamka kwa sauti yake. Hata sasa, asubuhi za ukungu, bonde likiwa jeupe na mapaa ya Bukoto yakielea kama hayana nyumba chini yake, huwa naisikia. Haitoki upande wowote. Inasema tu kushoto, kushoto, kushoto, na miguu yangu ndani ya blanketi inatii.

Alikuwa na fimbo ya mti mweusi yenye pete ya shaba. Ilifunguka miguu miwili kama bikari ya shuleni, akaitembeza ardhini kupima kama hatua ya kurutu imetimia. Hatua ya Afande ilikuwa moja tu, haikuongezeka wala kupungua, iwe uwanjani au akienda chooni. Mama zetu walimsema sana kwa hilo. Walisema akifa ataingia kaburini kwa kuhesabu.

Uwanja wa gwaride ulikuwa wa changarawe nyekundu, na hakuna kiumbe kilichokatiza. Kuku walifukuzwa, mbuzi walifukuzwa, mke wa mkubwa wa kambi alizunguka na kapu lake kichwani. Niliwahi kuona kikosi kizima kikisimamishwa kwa ajili ya bata mmoja, Afande akimsindikiza yule bata hadi nje ya uwanja kwa mwendo wa heshima, uso haucheki.

Lakini upande wa nyumba zetu kulikuwa na ukuta, na chini ya ukuta kulikuwa na ukanda mwembamba wa nyasi, upana wa hatua moja. Nyasi ziliota pale kwa sababu hakuna buti lililofika. Kikosi kilikuwa kinakuja, kinakuja, vumbi mbele yake, na kilipobakiza hatua moja Afande alisema "Nyuma, geuka," kikageuka. Ule ukanda ulikuwa wetu watoto. Tulikaa pale migongo ukutani, tukicheza vijiwe, tukisubiri mabuti yaje. Yalipofika karibu ulisikia harufu ya rangi ya viatu na jasho, ukaona kokoto ndogo zinaruka, ukajikunja kwa raha. Halafu yote yaligeuka, yakaenda. Afande aliyemfukuza bata hakutufukuza hata siku moja. Hatukujiuliza kwa nini. Mtoto hajiulizi mambo ya namna hiyo, anakaa tu mahali palipoachwa wazi.

Mke wake alikuwa Mwislamu, yeye alikuwa Mkristo wa kanisa la kambi, na hakuna hata mmoja aliyehama dini yake. Ijumaa alimsindikiza mkewe hadi msikitini, akabaki nje ameshika viatu vya mkewe. Hakuviacha mlangoni na vya wengine. Alivishika mkononi, na swala ikiendelea alivifuta kwa kitambaa mpaka ving'ae, viatu vya plastiki vya kushindia nyumbani. Mkewe akitoka aliona haya. "Unanitangaza," alimwambia. Afande alijibu, "Kiatu chafu ndio inatangaza." Jumapili zamu ilikuwa ya mkewe: alimsubiri na chakula, na hakula kabla yake. Alipofariki yule mama, Afande aliendelea kwenda Ijumaa. Alisimama nje pale pale, mikono mitupu nyuma.

Maji aliyaogopa. Mtu aliyewatisha vijana elfu alizunguka dimbwi la mvua. Hakuwahi kupanda boti. Siku moja kambi nzima ilipelekwa ziwani Port Bell kutembea, tukashuka kucheza majini, naye alikaa kwenye lori la baba, kwenye kiti cha mbele, madirisha yamefungwa. Baba alituambia kwamba alipouliza kulikoni, Afande alimjibu, "Maji haina mbele, haina nyuma. Utaamuru nini pale?"

Ndiyo maana nilishangaa siku aliyotokea kwenye shimo letu.

Shimo lilikuwa bondeni, chini ya kilima, upande wa kwenda Bukoto. Zamani watu walichimba changarawe pale, changarawe nzuri ilipokwisha wakaondoka, wakaacha tundu kubwa jekundu lenye kuta za wima. Juu yake, kandokando ya barabara, sisi wanawake watano tulikuwa na bustani ya miche: miparachichi, mifenesi, mimea ya uzio, na maua ambayo watu wa magari hununua wakiwa wamefurahi. Miche ni kama vichanga, ukiinyima maji siku mbili hakuna msamaha. Na kila kiangazi bomba la mtaa lilikauka, tukawa tunapandisha jerikeni kutoka kisimani mpaka shingo zinauma. Kiangazi kilichotangulia nilipoteza nusu ya miche yangu, nikakaa katikati ya vile vifuko vyeusi nikalia kama mjinga.

Wazo lilitoka kwa Mama Akinyi, jirani yangu wa Kenya, aliyeuza ndoo na karai kando yetu kabla hajaingia kwenye miche. Alisimama ukingoni siku ya mvua akasema, "Kwetu watu huchimba shimo ndio waweke maji. Hapa mko na shimo limechimbwa tayari na mnalia maji. Si tulijaze?"

Mwenye ardhi alikuwa bibi mmoja Mganda ambaye sote tulimwita Jjajja. Kulikuwa na mtu aliyetaka kulinunua shimo, alijaze mabomoko ya majengo, aegeshe magari juu yake. Njia yake ya kuingilia ingepita katikati ya bustani. Jjajja alitusikiliza akiwa amekaa mkekani, miguu pembeni, tukiwa tumepiga magoti mbele yake kwa heshima.

"Kale, banange," alisema, yaani haya, jamani. "Mimi sitaki maneno mingi. Kiangazi ya baada ya Krismasi ikiisha, nitakuja na mbuzi yangu. Ikikunywa maji mu hii shimo, mutakaa na shimo yenu. Ikikosa, nauza."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kesi yetu, na hakimu alikuwa mbuzi.

Changarawe haishiki maji, hilo tulijua. Mvua ya usiku, kesho yake shimo kavu. Ilibidi tuweke udongo wa mfinyanzi chini, ule mzito wa kijivu wa kinamasi ambao watu wa matofali hutumia, tuuloweshe, tuukanyage tabaka juu ya tabaka mpaka ukose pumzi. Mashine ya kushindilia isingeweza kushuka mle. Tukaanza kukanyaga wenyewe, kila mtu anavyojua, huyu huku, yule kule, tunapiga domo. Siku ya tatu Afande alisimama juu ya shimo, suti ya Jumapili, viatu vinang'aa, fimbo kwapani.

"Nani anaamuru hapa?" aliuliza.

"Hakuna, Afande," nilijibu.

"Ndio sababu."

Alishuka kwa ngazi taratibu, kila kipago hatua moja. Chini akainama, akachukua changarawe kidogo ukutani, akaisugua kwenye kiganja. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukijua, kwamba changarawe ya uwanja wa gwaride ilitoka mle ndani. Alikuwa kurutu wa mwezi wa kwanza, yeye na wenzake walipakia malori kwa wiki nzima, wakaimwaga kilimani, na ndiyo hiyo aliyoikanyaga miaka yote.

"Hii shimo mimi niko na mguu ndani," alisema. "Nilitoa, sasa narudisha."

Nilimpenda sana wakati ule. Sijui kama aliona.

Kesho yake akawaleta watu: wastaafu, wajane wa kambi, mabinti wao, watu wa bendi ya zamani. Tulikuwa kama arobaini. Alitupanga mistari minne kwenye udongo, mabega sawa. Halafu akakaa juu ya jiwe, akafungua kamba za viatu vyake. Kambi nzima ilikuwa haijawahi kuona miguu ya Afande. Ilikuwa midogo, laini, imepauka, kama ya mtu mwingine aliyekuwa amefichwa mle ndani ya buti miaka yote. Hakuna aliyecheka. Aliviweka viatu sambamba juu ya jiwe, vidole vimetazama mbele, akaingia matopeni.

"Papo hapo, tembea!"

Nikifumba macho hivi sasa nauona ule mwezi. Asubuhi ukungu ulikuwa umejaa shimoni kama maziwa kwenye kibuyu, na wanawake walikuwa wanatokea ndani yake vichwa kwanza, vitambaa vyekundu na vya njano, halafu mabega, miguu haionekani kabisa. Unasikia tu udongo ukinyonya na kuachia, kushoto, kulia, mara arobaini kwa pamoja. Tabaka la kwanza, maji, tabaka la pili, maji. Tulikwenda mbele, tukageuka, tukarudi. Kuna saa nilisahau nina miaka mingapi. Kuna saa nilisahau kama tunajenga kitu, nikaona tumekuwa pale tangu zamani, tunakanyaga tu, na kilima juu yetu kinasubiri tumalize.

"Nyinyi mama," Afande aliita, "munakanyaga kama munaogopa kuiumiza. Maji ni mahabusu! Ukiacha mlango kidogo tu, inatoroka."

"Afande, ile maji yenyewe haijafika," Mama Akinyi alimjibu, "na tayari umeifunga miaka kumi."

"Wewe wa ndoo, mdomo yako iko mbele ya mguu."

Mama Akinyi alipenda kumchokoza, na nadhani Afande alipenda kuchokozwa, maana kila asubuhi alimpanga mstari wa mbele. Kuta tulizipaka udongo kwa mikono, kama tunavyopaka nyumba. Tukachimba mfereji wa kuleta maji ya kilimani, na kijishimo cha kutuliza mchanga, tukakata ukutani njia ya mteremko ya kushukia kuchota, ikiishia kimo cha kiuno kutoka chini, tukaweka uzio wa miiba kwa ajili ya watoto. Mwisho Afande akachomeka fimbo yake katikati ya shimo, wima, pete ya shaba kimo cha kiuno cha mtu mzima. "Hapo ndio mstari," alisema. "Ikishuka chini ya pete kabla mbuzi haijakuja, mujue tumeshindwa." Toka siku ile alitembea bila fimbo, mkono mmoja bado umekunjwa ubavuni, unabana hewa.

Sasa niseme tabia yake mbaya, maana sitaki mtu adhani nampamba. Afande hakuwa na uwezo wa kukosea. Uwanjani amri ikitoka vibaya, kikosi ndicho kilichosikia vibaya. Wali ukiungua kwake, mkaa ulikuwa mkali. Mkewe aliwahi kumwambia mama yangu kwamba katika ndoa yao neno "nimekosa" lilikuwa la mtu mmoja tu, akalizoea.

Mvua za Septemba zilikuja na nguvu. Maji mekundu kama chai ya kambini yalishuka kwenye mfereji, yakapanda, yakaipita pete. Tulisimama ukingoni tukapiga vigelegele, mvua inatunyeshea. Siku ya pili pete ilionekana. Siku ya nne nilishuka bustanini alfajiri nikaikuta fimbo imesimama peke yake kwenye tope, na shimo zima linanuka kisima kilichokufa.

Nilihesabu wiki hadi Krismasi nikaona hazitoshi.

Afande alikuja, akatazama, akaanza kugawa makosa. Udongo wa kinamasi ulikuwa na mchanga. Mama Akinyi alivaa gambuti siku moja badala ya kukanyaga kwa unyayo. Vyura walitoboa. "Vyura?" Mama Akinyi aliuliza. "Vyura gani hao wa kunywa shimo zima?" Afande alimpa mgongo akaondoka, na kesho yake hakuja, wala keshokutwa.

Nilishuka shimoni peke yangu. Sikuwa natafuta chochote, nilikuwa nataka tu kukaa mahali pa huzuni yangu. Sakafu ilikuwa imejaa nyayo zetu, maelfu, zimebanana mpaka hakuna nafasi ya kidole, na ndani ya kila unyayo maji kidogo yalikuwa bado yamekaa na kipande cha anga. Maji yalikuwa yamekaa. Ina maana palipokanyagwa palishika. Nilizifuata zile nyayo hadi ukutani, na kabla ya ukuta zikaisha. Zilikoma kwa mstari ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Kati yake na ukuta kulikuwa na ukanda laini usio na unyayo hata mmoja, umepasuka nyufa, na kwenye nyufa udongo ulikuwa umeliwa ndani. Upana wake sikuhitaji kuupima. Niliujua kwa makalio, maana niliwahi kuukalia utoto wangu wote.

Tulikuwa tumekwenda mbele na kugeuka, siku zote, hatua moja kabla ya ukuta. Watu arobaini, mwezi mzima, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu robo tatu yetu tulikuwa watu wa kambi na hatukuwahi kuona gwaride likigeukia mahali pengine.

Ilinichukua siku mbili kupata moyo wa kumwambia. Nilimkuta kwake anapiga pasi shati, pasi ya mkaa, moshi kidogo chumbani. Nilikaa kwenye kigoda. Nilianza na salamu, nikaja kwa watoto, nikaja kwa hali ya hewa.

"Mtoto ya Dreva," alisema bila kuinua macho, "sema ile ulikuja kusema."

"Afande, kikosi chetu kiligeukia wapi?"

"Mwisho."

"Mwisho ni wapi, Afande?"

Pasi ilisimama juu ya shati. Nikaogopa itaunguza, lakini aliinyanyua kwa wakati, akaiweka pembeni. Alivaa viatu, tukashuka kilima, mimi nyuma yake. Kwenye shimo akavua tena, akaingia, akaenda hadi zilipokomea nyayo. Alichomoa fimbo yake, akaifungua, akaweka mguu mmoja wa fimbo kwenye unyayo wa mwisho. Mguu wa pili uligusa ukuta.

Jioni ile aliwaita wote. Alisimama mguu sawa ukingoni, suruali imekunjwa, udongo mpaka magotini.

"Kosa ni yangu," alisema. "Si ya udongo. Si ya huyu wa ndoo. Ni yangu. Mtu asiniulize kwa nini."

Mama Akinyi, ambaye alikuwa na haki ya kusema lolote, alitazama pembeni akajifuta macho kwa kanga.

Ule ukanda haukukanyagwa kwa gwaride. Ulikuwa mwembamba mno kwa mistari, na Afande hakutoa amri hata moja. Tuliondoa udongo uliopasuka, tukaweka mpya, tukapita mmoja mmoja, mkono ukishika ukuta. Mjane mmoja wa kaskazini akaanza kuimba wimbo wa kukanyagia sakafu ya nyumba mpya, wengine wakaitikia kwa lugha walizokuwa nazo, na tukazunguka shimo lile kwa siku tisa, kila mtu na mwendo wake. Afande alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alikuwa hajui kutembea bila hesabu. Alijikwaa, akamkanyaga aliyekuwa mbele yake, akaomba radhi. Niligeuka mara moja nikamwona anautazama mguu wake kama anausomesha. Siku ya tisa akairudisha fimbo katikati ya shimo, wima kama mwanzo.

Mvua za Novemba zilikuwa chache, zikatuweka roho juu. Maji yalipanda, yakapita pete vidole vinne tu, yakasimama. Halafu jua. Desemba tulichota kwa kikombe, si kwa ndoo. Januari yote nilikuwa nikiamka kuitazama ile pete kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Mwisho wa Februari Jjajja alikuja na mbuzi wake wa kahawia kwenye kamba, amevaa gomesi, lile gauni refu la sherehe, na nusu ya mtaa nyuma yake. Maji yalikuwa yamelamba pete. Shaba ilikuwa nusu ndani, nusu nje.

Mbuzi alifika kwenye maji, akanusa, akainua kichwa, akatazama watu. Tukangoja. Alikula jani. Akatazama kivuli chake majini, akarudi nyuma. Nilihisi kwamba maisha yangu yote yamefungwa kwenye kidevu cha yule mnyama. Mama Akinyi alinishika mkono kwa nguvu. Kisha Afande akasogea, akachuchumaa kando ya maji, yeye aliyezunguka madimbwi, akatumbukiza kiganja, akanywa. Mbuzi alimwangalia. Akainamisha kichwa akanywa pia, kwa muda mrefu, mkia unacheza.

"Kale," alisema Jjajja. "Mimi nilisema mbuzi moja. Mumeniletea mbili."

Hivyo ndivyo shimo lilivyobaki letu. Miaka imepita na miche inaota, bata wa mwituni wamehamia, na asubuhi anga linashuka lote mle ndani na mawingu yake, na fimbo inasimama katikati kama mtu anayesikiliza.

Afande magoti yalimkatalia mwaka juzi. Binti yake akamchukua kwake Luzira, nyumba ambayo ukikaa barazani unaliona ziwa lote. Nilikwenda kumwona mwaka jana, alasiri moja tulivu. Nilimpelekea mche wa mparachichi. Nilimkuta kitini, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, mgongo umenyooka.

"Mtoto ya Dreva," alisema. "Maji iko wapi?"

"Juu ya pete, Afande. Shubiri mbili."

Alitikisa kichwa kukubali. Tulikaa. Ziwa lilikuwa jeupe, halina ukingo wa mbali. Nikadhani amesinzia, kumbe alikuwa anapanga maneno.

"Kitabu ya gwaride inasema kikosi inafika ukutani," alisema. "Inafika kabisa, ndio inageuka. Mimi nilifundishwa hivyo. Nilifundisha hivyo pia, mwaka ya kwanza. Kulikuwa na mtoto. Alikaa pale chini ya ukuta na vijiwe yake. Kikosi inakuja, yeye haogopi, ananiangalia tu mimi, anajua nitasimamisha. Mimi nikachelewa hatua moja."

"Alikanyagwa?" niliuliza.

"Vijiwe ndio ilikanyagwa. Mkono aliwahi kutoa. Lakini mimi niliona ule mkono chini ya buti, Mtoto ya Dreva. Naona mpaka leo. Kutoka ile siku nageuza hatua moja kabla. Mkubwa wa kambi aliniita, akauliza kwa nini gwaride yangu haifiki mwisho. Nikamwambia ukuta ni mbovu." Akacheka kidogo bila sauti. "Miaka yote, ukuta mbovu."

"Alikuwa mtoto wa nani?"

"Sijui. Nyote mulikuwa kichwa moja, munanyolewa na wembe moja." Lakini alikuwa anaitazama mikono yangu, mmoja halafu mwingine, nami bila kujua nikaifumba. Sikumbuki kitu kama hicho. Nimejaribu sana kukumbuka, nakumbuka tu kokoto zinaruka na harufu ya rangi ya viatu.

"Kwa hiyo shimo lilivuja kwa sababu yetu," nilisema. Nilitaka iwe utani.

"Hapana. Shimo ilivuja kwa sababu mguu haikujua watoto wamekua."

Nililia waziwazi, na hakuniamuru niache. Alipoona nimetulia akasema anataka kutembea kidogo. Nikamwinua, akaniegemea, mkono wake wa pili umekunjwa ubavuni kama fimbo bado ipo. Ua lilikuwa dogo, saruji tupu, na mwisho wake kulikuwa na ukuta. Tulikwenda polepole, kila hatua inamuuma, na kila hatua ilikuwa ile ile, haikupungua. Tukaukaribia ukuta. Hapakuwa na mtoto pale chini, wala nyasi, wala kijiwe. Ilipobaki hatua moja, Afande akageuka, nami nikageuka naye.